Sindano Iliyopanda kwa Mzee Zein Peke Yake

Ni saa mbili na robo asubuhi, na Kanze Katana amekwisha kusema "sijui" mara tatu.

Ameketi katika chumba chembamba cha chini, kwenye uchochoro mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa. Lenzi ya fundi saa ameibana kwenye jicho la kulia, na mkononi ana bisibisi nyembamba kama mwiba wa samaki. Mbele yake, juu ya taulo jeupe, kuna kamera kuukuu iliyovuliwa kichwa. Skrubu kumi na moja zimewekwa ndani ya vifuniko vya chupa za soda, kila kifuniko na namba yake.

"Sijui kwa nini haisomi," asema bila kuinua uso.

Anagusa waya mmoja kwa ncha ya bisibisi. Ndani ya kioo cha kutazamia, sindano iliyo nyembamba kama unywele inatikisika, inapanda nusu, kisha inarudi kulala.

"Umeona? Sasa imesoma," asema. "Na sijui kwa nini imesoma."

Anacheka, anavuta kiti karibu na meza, anaanza upya kutoka waya wa kwanza.

Kanze, mwenye umri wa miaka 41, ni fundi wa kamera. Katika kisiwa hiki mafundi wa kazi hiyo wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na wanaothubutu kufungua kichwa chenye kipimamwanga ni wachache zaidi. Wapiga picha humletea kutoka Ganjoni, Makadara, hata Malindi.

Kichwa ni ile sehemu ya juu ya kamera za Kijapani za miaka ya sitini, ambayo mpiga picha hutazamia. Huchomoka kikawa peke yake. Ndani yake mna kioo kizito cha pembe nyingi, betri mbili ndogo na kipimamwanga kinachoiendesha sindano. Sindano ikikaa katikati, picha itatoka safi. Ikisema uongo, picha huungua ikawa nyeupe, au huzama kizani.

"Watu huniuliza, wewe ni fundi gani usemaye hujui?" aeleza. "Nami huwajibu, fundi ajuaye kabla hajafungua, huyo mpelekee baiskeli. Usimpelekee kamera."

Hakuja mjini kutafuta kazi hii. Alizaliwa Kaloleni, akaletwa Mombasa na shangazi yake mwaka 1974 akiwa na miaka kumi na minane. Akapata kazi ya kufagia na kuosha sinia za dawa katika studio ya Bwana Kioko, Mkamba aliyekuwa akipiga picha za vitambulisho na kutengeneza kamera mwenyewe chumba cha nyuma.

"Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka," akumbuka Kanze. "Akaniita siku moja, akasema, wewe una vidole vyembamba, hebu nishikie hii skrubu. Nikamshikia. Nilimshikia skrubu miaka mitano. Mwaka wa sita akaniambia, leo nitashika mimi, fungua wewe."

Bwana Kioko alirudi kwao Machakos mwaka 1988. Alimwachia Kanze bisibisi zake zote na kipimamwanga kimoja cha mkononi, cha zamani, kisichotumia betri. Kipimo hicho ndicho Kanze anachokiamini kuliko kitu kingine chochote mezani pake. Kila kichwa anachokitengeneza hukilinganisha nacho.

Kazi si ya kutajirisha. Hutoza kati ya shilingi 250 na 600 kwa kamera moja. Mwezi mzuri huletewa kamera kumi na tano. Mwezi mbaya, nne. Kodi ya chumba ni shilingi 1,800. Na siku hizi, asema, watu wananunua vikamera vya plastiki vinavyojipimia mwanga vyenyewe, na vikiharibika huwapa watoto wachezee.

Lakini si hayo yanayomnyima raha. Ukitaka kumwona Kanze ametatizika, mtajie kamera ya Mzee Zein.

Mzee Zein ni mpiga picha wa nje ya Ngome ya Yesu. Kwa miaka ishirini na saba amesimama pale na kanzu yake na kofia ya viua iliyodariziwa, akiwapiga picha wageni wa bara, wanafunzi, na mabwana na mabibi waliotoka kuoana. Jioni za harusi huitwa na watu wa Mji wa Kale kupiga picha za wanaume, bwana harusi anaposindikizwa kwenda msikitini. Kamera yake aliinunua bandarini mwaka 1969 kwa baharia wa meli ya mizigo, na hajapata kuwa na nyingine.

Asubuhi moja ya Julai mwaka jana alipiga hodi kwa Kanze.

"Subalkheri, Bi Kanze."

"Akheri, Mzee Zein. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hini kamera yangu imeanza kunikataa."

Akatoa bahasha, akapanga picha mezani. Wageni walikuwa wamesimama mbele ya lango la ngome, lakini nyuso zao hazikuonekana. Ilikuwa kama wamepigwa picha ndani ya kisima.

"Umefuata sindano?" Kanze akamuuliza.

"Nimeifuata kama nifuatavyo imamu."

Kanze akakifungua kichwa siku hiyo hiyo. Akakuta kutu ya kijani kwenye kikalio cha betri, kutu ambayo kila kamera ya pwani hupata kwa hewa ya chumvi. Akaikwangua, akapangusa kwa spiriti. Kisha akaielekeza lenzi kwenye ukuta mweupe ulio ng'ambo ya uchochoro, akalinganisha na kipimo cha Bwana Kioko. Namba zikawa sawa. Akajaribu kivulini, akajaribu kwenye taa. Sawa.

Mzee Zein akaichukua, akamwombea dua, akaenda zake.

Baada ya siku sita alirudi na bahasha nyingine. Picha zilikuwa na kiza vile vile.

"Hapo nilidhani kosa ni langu," asema Kanze. "Nikasema, labda sikumaliza kazi. Nikafungua yote."

Safari hii hakubakisha. Alitoa kioo, akatoa sindano na koili yake, akachunguza utepe mwembamba mweusi unaosuguliwa na kidole cha shaba mpiga picha anapogeuza namba za tundu la lenzi. Utepe huo ukichakaa, sindano hurukaruka. Haukuwa umechakaa. Akabadilisha nyaya mbili zilizokuwa nzima kwa sababu hakuona kingine cha kubadilisha. Kazi ilimchukua siku tatu.

Akapima tena. Sawa sawia.

Mara ya tatu, mwanzo wa Agosti, akashuku betri, kwa kuwa mara zote mbili alikuwa amepimia kwa zake za akiba, si za Mzee. Zile za zebaki zilizotengenezewa kamera hizo zimeadimika, na zinazouzwa sasa kwa umbo lile lile zina nguvu kidogo kupita za zamani. Nguvu ikizidi, sindano hupanda zaidi ya inavyopasa, na mpiga picha hudhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo.

"Nilipoligundua hilo nilipiga kigelegele peke yangu," asema. "Nikasema nimekupata, wewe!"

Akaunganisha kizuizi kidogo cha umeme kwenye waya wa betri ili kupunguza nguvu ile, akapima kutwa nzima. Hakumwambia Mzee Zein kwamba huenda ni sawa. Alimwambia kwamba ni sawa. Ndilo neno analolijutia hadi leo.

Kwa sababu Jumamosi iliyofuata palikuwa na harusi.

Jumatano yake, mwanamke mmoja aliyevaa buibui aliingia chumbani mwa Kanze bila kupiga hodi. Jina lake ni Mwanaesha, mama wa bwana harusi. Kanze hakuwa amemwona kabla ya siku ile.

"Ndiwe Bi Kanze fundi?"

"Ndimi, dada. Karibu kiti."

"Sikuja kuketi."

Akaweka picha moja juu ya taulo jeupe, katikati ya skrubu. Bwana harusi alikuwa amesimama mlangoni pa msikiti baada ya sala ya alasiri, joho limemkaa, na kando yake mzee mfupi mwenye mkongojo. Kanzu zilionekana, kijivu kama majivu. Mahali pa nyuso palikuwa na kiza.

"Huyu ni babangu," akasema Mwanaesha. "Ana miaka themanini na mitatu. Ametoka Siyu, jahazi kisha basi kutwa nzima, miguu imefura, ili amwone mjukuu wake akioa. Hajapata kupigwa picha maisha yake. Amerudi Siyu juzi. Niambie, nimtie tena kwenye basi?"

Kanze akaisogeza picha karibu na taa.

"Nimemuuliza Mzee Zein. Asema kamera imetoka kwa fundi wiki iyo iyo. Mtaa mzima wamjua Mzee Zein, mkono wake haujapata kukosa. Basi ni nani aliyekosa?"

"Nilimwambia, dada, sijui," asimulia Kanze. "Na nilipolisema hilo neno niliona jinsi lilivyo jepesi. Mtu amepoteza uso wa babake, nami namwambia sijui."

Habari husafiri upesi katika Mji wa Kale. Wiki ile kamera mbili zilizokuwa mezani pake zilichukuliwa na wenyewe kabla hajazigusa. Mpiga picha mmoja wa Ganjoni, mteja wa miaka sita, alituma mtu aje kuchukua lenzi yake. Kanze aliketi chumbani akiipima ukutani kamera ya Mzee Zein, iliyorudishwa kwake tena, asubuhi na adhuhuri, na kila mara ilimwambia kwamba ni nzima.

"Nilianza kujishuku akili," asema. "Nikaenda kwa fundi saa wa jirani, nikamwomba atazame yeye. Akatazama, akasema sindano iko katikati. Nikakishuku kipimo cha Bwana Kioko. Nikakishuku hata kile kiukuta cheupe."

Kitu kimoja tu kilimpa pa kushika. Alimwomba Mzee Zein ampe filamu yote ya harusi na mbili za ngomeni, akazitazama moja moja dhidi ya taa. Hazikuwa zimeharibika zote. Picha za asubuhi zilikuwa safi. Za ndani ya msikiti zilikuwa safi. Zilizozama ni za nje, za alasiri, na hata hizo si zote.

"Kamera mbovu huwa mbovu kutwa," asema Kanze. "Hii ilikuwa na saa zake, kama homa."

Akafunga chumba, akampelekea Mzee Zein kamera yake, akamwambia: kesho alasiri nitakuja unakosimama, nikuone ukipiga.

Mzee hakupendezwa. "Uje kuona nini? Miaka ishirini na saba napiga picha. Wataka kunifundisha?"

"La, Mzee. Nataka kujifunza."

Siku ya pili, saa kumi kasorobo, walikuwa mbele ya ngome, wachuuzi wa vinyago wakiwatazama. Familia moja kutoka Kitui ilitaka picha langoni. Mzee Zein akawapanga, akarudi hatua saba, jua likiwa mgongoni mwake kama alivyofundishwa ujanani. Akainua kamera, akageuza namba.

"Ngoja, Mzee," akasema Kanze. "Sindano yasemaje?"

"Katikati, kwenye kumi na sita."

"Nipe mimi."

Kanze akasimama pale pale, akaweka jicho. Sindano ilikuwa imeshuka chini kabisa. Ili ikae katikati ilimbidi afungue lenzi hadi nane, kwani namba ikipungua tundu hupanuka, yaani mwanga mara nne ya ule wa Mzee Zein. Kipimo cha Bwana Kioko nacho kikasema nane.

Akamrudishia. "Tazama tena."

"Kumi na sita," akasema Mzee.

"Nane," akasema Kanze alipoichukua.

"Kumi na sita, mwanangu! Nisemeje?"

Wakapokezana kamera ile mara nne. Baba wa familia ya Kitui akauliza kama kuna tatizo. Mchuuzi mmoja akacheka akasema kamera imeingiwa na shetani, anamtambua mwenyewe. Mzee Zein hakucheka. Kanze asema alimwona akiitazama ile kamera kama mtu aliyesemwa vibaya na ndugu yake.

"Nilichanganyikiwa hasa," akiri. "Kamera moja, mahali pamoja, dakika moja, na inatuambia maneno mawili. Kumi na sita kwake, nane kwangu. Niliogopa. Nikajiambia, labda nimekaa na vitu hivi miaka ishirini na sijapata kuvijua."

Kwa kukosa la kufanya, alikwenda kusimama nyuma ya Mzee, karibu kabisa, ili achungulie kidole chake kinavyogeuza namba.

"Imeshuka!" akasema Mzee Zein.

"Imeshuka nini?"

"Sindano. Imeshuka yenyewe, sikugusa kitu."

Kanze akasogea pembeni aone.

"Sasa imepanda."

Akarudi nyuma yake. Ikashuka. Akasogea. Ikapanda. Mara ya tatu akatazama chini, akaona kivuli chake mwenyewe: alipokuwa nyuma ya Mzee, kivuli kilimfunika kichwani, juu ya kofia, juu ya mgongo wa kamera. Alipoondoka, jua lilimpiga Mzee kisogoni na kuipiga kamera nyuma, kwenye kile kidirisha cha kutazamia.

Mwanga ulikuwa ukiingia kwa mlango wa nyuma, jambo lisilotokea asubuhi, jua likiwa upande wa pili wa ngome. Kipimamwanga kilihesabu ule wa mbele na ule wa nyuma pamoja, kikasema mchana huu ni mkali mno, nacho hakikusema uongo.

Kwa kawaida hilo haliwezekani, kwa sababu mpiga picha hukiziba kidirisha kwa jicho lake. Kanze aliligandamiza jicho lake pale tangu siku ya kwanza, chumbani mwake na ngomeni, ndiyo maana hakuna alichokiona. Basi akaacha kuitazama kamera. Akamtazama Mzee Zein.

Alikuwa ameishika mbali na uso, nafasi ya vidole viwili. Na alikuwa na miwani. Kanze hakuwa amemwona na miwani kabla ya siku hiyo. Aliitoa mfukoni mwa kanzu wakati wa kazi tu, na kuirudisha kabla ya kwenda kokote. Tena alitazama kwa jicho la kushoto.

"Mzee," akamwambia polepole, "zamani ulikuwa ukitumia jicho la kulia. Kulikuwa na alama hapa, chini ya nyusi, ya kamera."

Mzee Zein akaivua miwani, akaikunja.

"Mato yangu hayana neno," akasema.

Kanze akaichukua kamera. Aliwapiga picha wale watu wa Kitui yeye mwenyewe, kwenye nane, akawaambia waje kesho. Kisha akaketi kwenye ukuta mfupi, akangoja. Baada ya muda Mzee akaja akaketi naye.

"La kulia lina ukungu," akasema. "Tangu mwaka jana. Nalifunga la kushoto nione, naona maziwa. Miwani hini nimenunua kwa mchuuzi. Ningemwambia nani? Mpiga picha kipofu, nani atamwita harusini?"

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Wewe ni fundi wa kamera, Bi Kanze. Nilikuletea kamera."

Jambo hilo lingeweza kuishia pale, kati ya watu wawili. Kanze asema hakumwomba Mzee amtetee. Alijua kwamba kujisafisha ni kumvunjia Mzee kazi, na hakujua lipi ni haki. Alirudi chumbani, akakata kipande cha tyubu ya gari, akakishona kuzunguka kidirisha cha nyuma mfano wa kikombe kipana, cha kuizunguka hata miwani. Jua likipiga nyuma, haliingii. Akampelekea, akamwambia hana haja ya kulipa.

Siku mbili baadaye Mzee Zein alikwenda mwenyewe kwa Mwanaesha.

"Alikuja akakaa pale barazani," Mwanaesha alimwambia mwandishi huyu. "Akakataa kahawa. Akasema, Bi Mwanaesha, yule fundi hana kosa. Mwenye kosa ni mimi, na kosa langu si mkono, ni jicho. Nilikasirika, sikufichi. Nikamwambia, Mzee Zein, umenipigia picha harusi yangu mimi, na ya dadangu. Mbona hukusema? Ungesema, ningekutafutia kijana akushikie, picha zikatoka. Nikaona yule mtu mzima analia, nikamwekea kahawa tena."

Asubuhi yake Mwanaesha alikwenda kwa Kanze. Safari hii alipiga hodi, akaketi. Hakuomba radhi kwa maneno. Alikuja na sahani ya mahamri na mbaazi, iliyofunikwa kwa kitambaa. Na Kanze akamwomba ruhusa ya kuijaribu tena ile filamu.

Picha iliyokosa mwanga si lazima iwe imekufa, aeleza. Huenda kuna kitu kidogo kimebaki. Studio ya Bwana Kioko ina mwenyewe mwingine sasa, lakini chumba cha giza ni kile kile, na Kanze alipewa ruhusa akitumie siku moja. Aliharibu karatasi tisa. Nyingine zilitoka nyeusi, nyingine zilifanya chenga kama mchanga. Ya kumi ilianza kujitokeza ndani ya dawa: mkongojo kwanza, kisha ndevu, kisha macho mawili madogo yaliyokunjwa kwa jua.

"Si picha nzuri," asema Kanze. "Lakini ni mtu."

Picha ilipelekwa Siyu kwa mkono wa mwenye basi, kisha kwa jahazi. Jibu lilichukua wiki tatu. Yule mzee, ambaye hakuwa amejiona popote ila katika maji na vioo vidogo vya kunyolea, aliitazama sana, akauliza: "Huyu mzee ni nani, na kwa nini amevaa kofia yangu?"

Mwanaesha anacheka hata sasa anapolisimulia.

Mzee Zein alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwezi wa Oktoba. Mwanaesha na jirani zake ndio waliompeleka. Jicho la kulia linaona sasa kwa msaada wa miwani minene, ingawa asema rangi ya buluu imekuwa kali kupita alivyoikumbuka, na hajui kama bahari ndiyo iliyobadilika au yeye. Bado husimama mbele ya ngome. Harusi moja katika tatu huitwa mtu mwingine. Hilo halikurekebika, naye hajifanyi limerekebika.

Wateja wa Kanze wengi wamerudi. Yule wa Ganjoni hajarudi.

Mtu angedhani kwamba baada ya hayo yote fundi huyu angekuwa na utulivu wa aliyefumbua fumbo. Haiko hivyo. Kanze asema tangu siku ile amezidi kutatizika.

"Nalala nikihesabu," asema huku akiweka skrubu ya saba mahali pake. "Nimefungua kamera mia ngapi? Mtu ananiletea, asema mbovu, nafungua. Sikupata kumuuliza, unaishikaje? Unavaa miwani? Mkono unatetemeka? Ni ngapi zilikuwa nzima nikazikata nyaya? Sijui. Na wenyewe wamekwenda, siwezi kuwauliza."

Ndiyo maana ana mpango. Mwenye nyumba amemkubalia, kuanzia mwezi wa Aprili, ahamie chumba cha upande wa pili, kile chenye baraza ya mawe inayopigwa na jua kuanzia saa nne. Ni kidogo kuliko hiki na kodi yake ni zaidi kwa shilingi mia tatu. Meza itakaa ndani. Lakini kila mteja, asema, ataketi barazani kwanza. Anatumaini pia kumpata daktari wa macho atakayekubali kumfundisha, walau siku moja, mambo ambayo jicho humfanyia mtu bila yeye kujua. Amekwisha kuuliza kwa wawili. Wa kwanza alidhani anatania.

Tukiwa tunazungumza, kijana aliyevaa sare ya afisi anasimama mlangoni na mfuko wa ngozi. Anasalimia. Anasema kamera ilikuwa ya marehemu babake na kwamba sindano yake haina akili.

Kanze haipokei. Anafuta mikono, anavua lenzi ya fundi saa, anajifunga leso vizuri kiunoni.

"Twende nje," asema.

"Nje kufanya nini, mama?"

"Unipige picha."

Kijana anatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha anatoka. Uchochoroni jua limefika nusu ya ukuta. Kanze anasimama penye mwanga, mikono imelala ubavuni, kimya kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kijana anainua kamera ya babake, anageuza namba, anasita, anageuza tena.

Kanze haitazami lenzi. Ameinamisha kichwa upande kidogo, analitafuta jicho lililo nyuma yake.